Hodi kwa Jirani: Kutatua Mikwamo ya Kugawana Faili baina ya Tarakilishi za Mifumo Tofauti Nyumbani

Utangulizi

Wengi wetu tunaosoma lugha na fasihi tumezoea kuyaona matatizo ya tarakilishi kuwa mzigo wa wenzetu wa vitivo vya sayansi. Nami nilikuwa na dhana iyo hiyo hadi jioni moja umeme ulipokatika na kurejea kwa ghafla katika nyumba ninayopanga pamoja na wenzangu wawili mtaani Kahawa Wendani, viungani mwa Nairobi. Kipakatalishi changu kiliwaka, lakini matundu yake yote ya kuchomekea flashi yalikuwa yameungua. Ndani yake mlikuwa na mahojiano niliyoyarekodi Lamu kwa ajili ya tasnifu yangu ya uzamili: saa 11 za sauti, takriban gigabaiti 7. Mmoja wa wazee walionighania tungo zao alikuwa amekwisha kufariki dunia. Rekodi hizo hazikuwa na nakala nyingine popote.

Kuzipakia kwenye intaneti kungemaliza vifurushi vya data ambavyo mwanafunzi hana uwezo wa kuvinunua mara kwa mara. Njia ya karibu ilikuwa ruta iliyomo sebuleni, ambayo tarakilishi zetu zote tatu huitumia. Hata hivyo, yangu huendeshwa na Ubuntu, ambayo ni aina ya Linux; ya mwenzetu mmoja huendeshwa na Windows 11; na ya mwingine macOS. Kwa siku mbili tulizima hiki na kuwasha kile, tukafuata kila ushauri tuliopewa, wala hatukufika. Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mwenye pupa hadiriki kula tamu.

Makala haya yanakusudia kueleza tulichojifunza baada ya kuacha pupa hiyo. Hoja yake kuu ni kwamba mikwamo mingi ya kugawana faili haitokani na uadui baina ya mifumo, bali hutokana na kukatika kwa hatua moja kati ya hatua nne zinazofuatana. Anayezichunguza hatua hizo kwa utaratibu hulipata tatizo bila kubomoa ulinzi wa tarakilishi yake.

Hatua hizo zinafanana na desturi ya ugeni. Anayemtembelea jirani hana budi kwanza kuufikia mlango. Pili, hupiga hodi kwa lugha ambayo mwenyeji anaielewa. Tatu, hujitambulisha. Nne, hukaribishwa, na huonyeshwa ni chumba gani anachoweza kuingia. Kwa hiyo tutazungumzia njia, lugha, utambulisho na idhini.

Istilahi Chache

Katika makala haya, mfumo endeshi ni programu kuu inayoiongoza mashine, kama vile Windows, Linux au macOS. Itifaki ni kanuni za mazungumzo baina ya mashine na mashine. Kabrasha ni mahali faili zinapowekwa pamoja. Mwenyeji ni tarakilishi iliyo na kabrasha linalogawanwa, na mgeni ni tarakilishi inayolihitaji. Ifahamike kwamba tarakilishi moja inaweza kuwa mwenyeji asubuhi na mgeni jioni. Haya ni majukumu, si maumbile.

Hatua ya Kwanza: Njia

Swali la kwanza ni hili: je, mgeni anaweza kuufikia mlango wa mwenyeji? Kila tarakilishi iliyounganishwa na ruta hupewa anwani ya tarakimu, ambayo majumbani mara nyingi huanza kwa 192.168. Ili kuijua anwani hiyo, mtumiaji wa Windows huandika amri ya ipconfig, wa Linux huandika ip addr, na wa macOS huitazama katika mipangilio ya mtandao. Tuseme mwenyeji ana anwani ya 192.168.1.20. Mgeni huandika ping 192.168.1.20 na kungoja jibu. Jibu likija, njia ipo. Lisipokuja, kuna mambo matatu ya kuangalia.

Jambo la kwanza ni iwapo mashine zote mbili zimo katika mtandao mmoja. Ruta nyingi za siku hizi hutoa mitandao miwili yenye majina mawili: mmoja wa wenye nyumba na mwingine wa wageni. Mtandao wa wageni huwa umetengwa kwa makusudi, ili aliyepewa intaneti kwa muda asizione mashine za wenyeji. Hili ndilo lililotukwaza kwanza. Mwenzetu wa Windows alipohamia nyumbani kwetu tulimpa nywila ya mtandao wa wageni, na hakuna aliyekumbuka kumhamisha. Miezi saba alikuwa akila na kulala nasi, ilhali kwa ruta alikuwa bado mpita njia.

Jambo la pili ni faiwolo, yaani programu ya ulinzi inayoamua ni ujumbe gani uingie. Windows huuliza kama mtandao ni wa umma au wa faragha. Ukiwa umeandikwa kuwa wa umma, kama ule wa mkahawani, tarakilishi hujificha na kukataa wageni. Kwa hiyo ping inaweza kukosa jibu ingawa njia ipo. Ikiwa mwenyeji ni Windows na mtandao ni wa nyumbani, ubadilishe uwe wa faragha na uruhusu kugawana faili. Usiizime faiwolo yote. Kufungua mlango mmoja ni tofauti na kubomoa ukuta.

Jambo la tatu ni mlango wenyewe. Mazungumzo ya kugawana faili hupitia mlango nambari 445. Ping ikijibiwa lakini kabrasha halifunguki, yamkini mlango huo umefungwa au hakuna mtu ndani. Katika Ubuntu, amri ya systemctl status smbd huonyesha kama programu ya mwenyeji inafanya kazi. Na ikiwa faiwolo imewashwa, amri ya sudo ufw allow samba huufungua mlango unaohusika.

Ikumbukwe pia kuwa kutoonekana si kutokuwepo. Wengi hufungua orodha ya mtandao katika Windows, wakakosa kuiona tarakilishi ya Linux, wakahitimisha kuwa haipatikani. Kumbe orodha hiyo ya majirani hapo zamani ilitegemea itifaki kongwe ambayo imekwisha kuondolewa, na mbinu zilizochukua nafasi yake hutofautiana baina ya Windows na mifumo mingine. Tiba ni kuandika anwani moja kwa moja. Katika Windows huandikwa \\192.168.1.20\mahojiano, kwa mikwaju inayoegemea nyuma. Katika Linux na macOS huandikwa smb://192.168.1.20/mahojiano, kwa mikwaju inayoegemea mbele. Mkwaju mmoja ukikosewa, hodi haisikiki.

Hatua ya Pili: Lugha

Hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili atajihisi yupo nyumbani. Mifumo endeshi ilizaliwa na wazazi tofauti, na kila mmoja ulikuwa na namna yake ya kuzungumzia faili. Leo mifumo yote mitatu inakutana katika itifaki moja iitwayo SMB. Itifaki hii ilibuniwa na Barry Feigenbaum katika kampuni ya IBM mwaka 1983, kisha Microsoft ikaichukua na kuikuza. Kwa upande wa Apple, itifaki yake yenyewe ilitangulizwa kwa miaka mingi, hadi mwaka 2013 toleo la OS X Mavericks lilipoifanya SMB kuwa chaguo la kwanza. Imekuwa kwa mashine kama Kiswahili kilivyokuwa kwa wasafiri wa bara na pwani: lugha ya kukutania kwa watu wasiozaliwa nyumba moja.

Linux iliipata kwa njia inayostahili kusimuliwa darasani. Mwishoni mwa mwaka 1991, Andrew Tridgell, aliyekuwa mwanafunzi wa uzamifu katika Chuo Kikuu cha Kitaifa cha Australia mjini Canberra, alianza kuandika programu ya kuziwezesha mashine za familia ya Unix kuzungumza na nyingine. Hakuwa na maelezo rasmi ya itifaki. Alitega sikio katika mawasiliano ya mashine, akatazama swali gani huletwa na jibu gani hurudishwa, akakisia kanuni na kuzijaribu. Ni kazi ya mtafiti wa isimu aliyeingia katika jamii ya lugha isiyokuwa na kamusi wala kitabu cha sarufi. Jina lake la kwanza lilipogongana na haki za kibiashara za wengine, Tridgell aliitafuta katika orodha ya maneno ya tarakilishi yake istilahi yenye herufi s, m na b kwa kufuatana. Akaliona neno samba. Programu hiyo huitwa Samba hadi leo, na ndiyo inayoifanya Linux kuwa mwenyeji.

Lakini lugha moja haimaanishi lahaja moja. Waundaji wa SMB wenyewe huyaita matoleo yake lahaja. Mgeni anapopiga hodi, hutuma orodha ya lahaja anazozijua, naye mwenyeji huchagua iliyo mpya zaidi miongoni mwa zile ambazo wote wawili wanazifahamu. Wakikosa hata moja ya pamoja, mazungumzo huishia hapo hapo.

Kukosana huku hutokea hasa kunapokuwa na mashine kongwe. Windows XP, kwa mfano, huijua SMB ya kwanza pekee. Lahaja hiyo ina kasoro za kiusalama. Mnamo Mei 2017, programu hasidi ya WannaCry ilipitia kasoro yake katika Windows na kuenea katika nchi nyingi, ikavuruga hata huduma za hospitali za umma nchini Uingereza. Baadaye mwaka huo huo, Windows 10 mpya ziliacha kuja na lahaja hiyo ikiwa tayari kutumika, nayo Samba ikaiweka kando kuanzia toleo la 4.11 la mwaka 2019.

Ushauri wa kawaida wa mitaani ni kuirudisha SMB ya kwanza. Tulikaribia kuufuata. Ni ushauri wa hatari, kwani huifungulia nyumba nzima mlango ambao wezi wanaufahamu vyema. Ikiwa mashine kongwe ina faili zinazohitajika, zihamishwe mara moja kwa flashi au diski, kisha mashine hiyo ipumzishwe. Kwa mashine za miaka ya karibuni, lahaja ya pili na ya tatu hupatikana bila kurekebisha lolote.

Hatua ya Tatu: Utambulisho

Mlango umefikiwa na lugha imeeleweka. Sasa mwenyeji anauliza: ni nani? Hapa ndipo penye mikwamo mingi zaidi, kwa kuwa kila mfumo una desturi yake ya kumtambua mtu.

Katika Samba, nywila unayotumia kuingia katika tarakilishi si lazima iwe ile inayotambuliwa mtandaoni. Samba hutunza daftari lake la majina. Mtumiaji hana budi kuandikwa humo kwa amri ya sudo smbpasswd -a ikifuatwa na jina lake la Ubuntu. Huu ulikuwa mkwamo wetu wa pili. Mwenzangu aliandika nywila sahihi ya tarakilishi yangu mara tano, ikakataliwa mara tano, tukadhani mashine imerogwa. Jina langu halikuwamo daftarini.

Katika Windows kuna mtego mwingine. Wengi huingia katika mashine zao kwa tarakimu chache za siri, yaani PIN. Tarakimu hizo hutumika kwenye mashine hiyo peke yake. Mgeni anayetoka mtandaoni hutakiwa kutoa nywila kamili ya akaunti, na mara nyingi mwenyewe huwa ameisahau. Aidha, akaunti isiyo na nywila kabisa haikubaliwi kuingia kupitia mtandao, hivyo mwenyeji wa Windows aliyeiacha akaunti yake wazi hana budi kuiwekea nywila. Katika macOS, haitoshi kuwasha huduma ya kugawana faili. Ikiwa mgeni ni Windows na anakataliwa, fungua chaguo za huduma hiyo na uweke alama kwenye jina la mtumiaji anayeruhusiwa kuingia kutoka Windows.

Zamani iliwezekana kuliacha kabrasha wazi kwa kila mtu bila jina wala nywila. Njia hiyo inazidi kuzibwa. Windows 11 ya toleo la 24H2, lililotoka mwaka 2024, katika matoleo ya Pro, Enterprise na Education, haikubali mgeni wala mwenyeji asiye na utambulisho, na hudai kila ujumbe utiwe sahihi. Anayeona kabrasha lililofunguka jana linakataa leo baada ya kusasisha Windows, aanzie hapa. Tiba ni kumpa mgeni jina na nywila, wala si kuulegeza ulinzi.

Jambo la mwisho katika hatua hii ni kumbukumbu. Windows huikumbuka nywila ya awali na kuendelea kuituma hata baada ya kubadilishwa. Pia hairuhusu mtu mmoja kuingia kwa mwenyeji yule yule kwa majina mawili kwa wakati mmoja. Amri ya net use * /delete hukata miunganisho iliyopo, na nywila za zamani hufutwa katika sehemu ya kutunzia vitambulisho. Kisha hodi ipigwe upya.

Hatua ya Nne: Idhini

Mgeni amekaribishwa sebuleni, lakini chumba kimefungwa: anaona kabrasha ila halifunguki, au analifungua ila hawezi kuongeza kitu. Hii ni habari njema, kwani hatua tatu za awali zimekamilika na hazihitaji kuguswa tena.

Kanuni ya kukumbuka ni kuwa kuna malango mawili. Lango la kwanza ni idhini ya kabrasha kama linavyogawanwa mtandaoni. Lango la pili ni idhini ya faili zenyewe katika diski. Yakitofautiana, lililo kali zaidi ndilo linaloshinda. Katika Samba, kabrasha linalogawanwa huwa la kusomwa tu hadi mwenyewe aandike read only = no katika faili ya mipangilio, na amri ya testparm husaidia kugundua makosa ya kuandika humo. Vilevile, tangu toleo la 21.04 la mwaka 2021, Ubuntu huwaundia watumiaji wapya makabrasha makuu yaliyofungwa kwa watumiaji wengine. Anayegawa kabrasha lililomo ndani ya lile kuu atashangaa kuona wenzake hawafiki, kwa sababu hawawezi kupita ukumbini ili kufika chumbani.

Mkwamo wetu wa tatu ulikuwa wa majina. Nilizipa rekodi zangu majina yenye saa za mahojiano, zikatenganishwa kwa nukta mbili kama 14:30. Linux haina kinyongo na nukta mbili. Windows, kwa upande wake, hairuhusu katika jina la faili nukta mbili, nyota, kiulizi, alama za kunukuu, mikwaju ya aina zote mbili, mstari wa wima wala alama za ndogo kuliko na kubwa kuliko. Samba ilipoyakuta majina hayo, ilimwonyesha mwenzangu majina mafupi yasiyosomeka yenye alama ya wimbi ndani yake. Moyo uliniruka, nilidhani rekodi zimeharibika. Hazikuwa zimeharibika. Nilibadilisha nukta mbili kuwa vistari katika Ubuntu, na majina ya wazee wangu yakarejea yote kwenye kioo chake.

Tahadhari nyingine ya majina ni herufi kubwa. Kwa Linux, Utenzi na utenzi ni faili mbili. Kwa Windows ni faili moja, hivyo zikihamishiwa pamoja katika kabrasha moja, moja inaweza kuifuta nyingine. Mtafiti na achague kanuni moja ya kuandika majina, herufi ndogo na vistari, aifuate tangu siku ya kwanza nyanjani.

Muhtasari wa Utaratibu

Dalili humwelekeza mtu kwenye hatua inayohusika: (a) mwenyeji akiwa haonekani wala hafikiwi kwa anwani, chunguza njia, (b) akifikiwa lakini mazungumzo yakikatika kabla ya kuulizwa jina, chunguza mlango nambari 445, kisha lahaja, (c) nywila ikikataliwa, chunguza utambulisho, (d) kabrasha likionekana bila kufunguka au bila kuandikika, chunguza idhini na majina ya faili. Badilisha jambo moja kwa wakati, ujaribu, na uandike ulichobadilisha. Lisiposaidia, lirudishe lilivyokuwa kabla ya kuendelea.

Hitimisho

Usiku wa siku ya tatu, baada ya kuzifuata hatua hizi kwa mpangilio, gigabaiti 7 zilihama kutoka kipakatalishi changu hadi tarakilishi za wenzangu wawili kwa muda usiotosha kupika wali. Hatukuridhika na kuona zimefika. Tulihesabu faili pande zote, tukalinganisha ukubwa wake, kisha tukazisikiliza chache kutoka mwanzo, katikati na mwisho. Sauti ya marehemu ilikuwa safi kama ilivyokuwa barazani kwake.

Lipo funzo kwetu sisi wa taaluma hii. Fasihi simulizi tunayoikusanya sasa hukaa katika mashine kabla ya kukaa vitabuni, na mtafiti asiyejua namna ya kuihamisha kutoka mashine moja hadi nyingine huiweka hatarini bila kukusudia. Maarifa yanayohitajika si mageni kwetu. Mashine hupigiana hodi, huchagua lahaja, hujitambulisha na kuombana idhini, nasi tumetumia miaka mingi kuyasomea mambo hayo. Basi, ewe msomaji mwenye rekodi pekee katika tarakilishi moja, usiungoje umeme urejee kwa kishindo. Mpigie jirani yako hodi leo.